Salfa, Korosho na Sisi: Tulikotoka na Tunakokwenda

Ndugu zetu wa nyumbani na mlio mbali, kila anayesoma kijarida hiki, kuanzia Mikindani hadi Msimbati na Kitaya, amesomeshwa, ameozwa au ametibiwa kwa fedha ya korosho. Ni vyema basi tukumbushane historia yake.

Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani 145,000 hivi. Kisha wazee wetu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki porini bila palizi, bei ikawa duni na ubwiri unga ukaingia. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Watafiti wa Naliendele, hapa hapa Mtwara, ndio waliotuonyesha kwamba unga wa salfa huokoa maua. Tangu hapo mkulima bila salfa ni mvuvi bila wavu.

Lakini salfa ni fedha, nayo huhitajika mwezi ambao mfuko ni mtupu. Ndiyo maana ruzuku ikawa jambo kubwa kwetu. Sehemu ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, asilimia 65, ilitengwa irudi kuendeleza zao. Msimu wa 2017/18 salfa ikatangazwa kuwa bure, na mavuno ya taifa yakapita tani 300,000. Katikati ya 2018 sheria ikabadilishwa, ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipinga, wakashindwa.

Mwaka huo huo wakulima waligomea bei za mnadani. Novemba, Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kuzisomba. Tulishangilia. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, ili wa kangomba wasilipwe jasho la wengine. Nia ilikuwa njema, ila wengi wetu tulikaa miezi tukisubiri, na maduka yetu yakadorora pamoja nasi.

Miaka ya karibuni pembejeo za ruzuku zimerudi, zikigawiwa kwa waliosajiliwa. Tunashukuru. Lakini mjane asiye na hati ya shamba la marehemu mumewe, au kijana anayelima shamba la babu, jina lake huenda halimo daftarini.

Historia hii inatufundisha jambo moja: mkono wa serikali huja na huondoka, mikorosho hubaki, nayo inazeeka. Mchango wenu wa mwaka huu utakwenda kwenye mambo matatu: miche bora ya kubebesha, mabomba ya kupulizia ya kutumia kwa zamu, na kuwasaidia wenzetu kujisajili kabla daftari halijafungwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuanze na chetu, cha serikali kikija kitukute tumesimama.