Gemu za Konsoli Moja na Ununuzi wa Activision Blizzard

Gemu ya konsoli moja ni gemu inayochezeka kwenye mashine ya kampuni moja tu kati ya kampuni zinazoshindana. Huwa hivyo kwa sababu mwenye mashine ameitunga mwenyewe, au amewalipa watunzi wasiitoe kwa wapinzani wake, au ameinunua kampuni nzima iliyoitunga. Kwa njia hizo tatu Nintendo, Sega, Sony na Microsoft zimepigania soko kwa nyakati mbalimbali tangu miaka ya 1980. Njia ya tatu ilifika kileleni tarehe 13 Oktoba 2023, Microsoft ilipokamilisha ununuzi wa Activision Blizzard ya California, uliotangazwa kuwa na thamani ya dola bilioni 68.7 za Marekani. Hakuna kampuni ya gemu iliyowahi kununuliwa kwa fedha nyingi kiasi hicho.

Kwa nini gemu hufungiwa

Konsoli yenyewe haileti faida kubwa. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, ikiuzwa hadi dola 599, Sony bado ilikuwa inapata hasara kwa kila mashine. Mwaka 2021, katika kesi ya Epic Games dhidi ya Apple, ofisa wa Microsoft alieleza mahakamani kwa kiapo kwamba Xbox haijawahi kuuzwa kwa faida. Fedha hutoka kwenye gemu. Mwenye konsoli huchukua takriban asilimia 30 ya kila gemu inayouzwa kwenye duka lake la mtandaoni, hata ikiwa imetungwa na watu wengine kabisa, na juu ya hapo hutoza ada ya uanachama kwa wanaotaka kucheza na wenzao kupitia intaneti.

Kwa hiyo kampuni hizi hugombea jambo moja: mashine ipi itakaa sebuleni kwa mteja kwa miaka sita au saba ijayo. Mteja naye haendi dukani kwa ajili ya kasi ya prosesa. Huenda kwa ajili ya gemu anayoitaka, na akishanunua gemu kumi za mashine moja, kuhamia nyingine ni kuziacha zote.

Kutoka Atari hadi PlayStation

Hapo awali kampuni huru ya gemu za konsoli haikuwapo. Gemu za Atari 2600, mashine iliyotoka mwaka 1977, zilitungwa na waajiriwa wa Atari ambao majina yao hayakutajwa kwenye kazi zao na ambao hawakuwa na fungu katika mauzo. Mwaka 1979 wanne kati yao, David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, waliondoka, wakaungana na Jim Levy na kuanzisha Activision. Atari iliwashtaki. Shauri lilimalizwa kwa maelewano mwaka 1982: watunzi wa nje waendelee kutengeneza gemu, nao wamlipe mwenye mashine ada. Msingi huo ndio unaoendesha biashara hii hadi leo. Ni jambo zito kwamba kampuni iliyozaliwa ili watunzi wasiwe chini ya mwenye mashine ndiyo iliyokuja kumezwa na mwenye mashine miaka 44 baadaye.

Mlango ulipofunguka waliingia wengi bila kipimo. Gemu mbovu zilijaa madukani, na mwaka 1983 soko la Marekani likaanguka. Nintendo ilipopeleka konsoli yake ya NES huko mwaka 1985 ilikwenda na masharti makali. Ndani ya mashine mlikuwa na chipu iliyokataa kaseti yoyote isiyoidhinishwa. Kaseti zote zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, na kampuni za gemu zilizilipia kabla hazijauza hata moja. Kampuni iliruhusiwa kutoa gemu tano tu kwa mwaka, na gemu iliyotoka kwenye NES haikuruhusiwa kwenda kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoikaba Sega, maana watunzi bora wote walikuwa wamefungwa upande wa pili. Nintendo ililiacha mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikiwa imeandamwa na kesi na uchunguzi wa serikali. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hakuna kizuizi cha siku hizi kilichofikia ukali wa kile cha NES, na wanaoisifu Nintendo kwa kuliokoa soko wanapaswa pia kutaja bei waliyolipa wengine.

Sony iliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 1991 ilikuwa inashirikiana na Nintendo kutengeneza kifaa cha kusoma diski za CD, na Nintendo ikaiacha hadharani na kuitangaza Philips kuwa mshirika wake. Ken Kutaragi, mhandisi wa Sony, na wenzake waliendelea na kazi peke yao, na PlayStation ikatoka Japani tarehe 3 Desemba 1994. Diski ilibeba data nyingi kuliko kaseti na ilikuwa rahisi mno kuizalisha. Nintendo 64 ilipong'ang'ania kaseti, kampuni ya Square ilihama na Final Fantasy VII ikatoka kwenye PlayStation mwaka 1997. Square haikununuliwa. Ilifuata mashine iliyoweza kubeba kazi yake, na huo ni upekee uliopatikana kwa sifa.

Microsoft yaingia na pochi

Microsoft haikuwa na historia ya kutunga gemu za konsoli, ila ilikuwa na fedha. Mwaka 1999 Steve Jobs wa Apple alipanda jukwaani New York kuwaonyesha watumiaji wa kompyuta za Mac gemu mpya ya studio ya Bungie iitwayo Halo. Mwaka uliofuata Microsoft iliinunua Bungie, na Halo ikatoka Novemba 2001 pamoja na Xbox ya kwanza. Bila Halo ni vigumu kuona jinsi mashine hiyo ingesimama mbele ya PlayStation 2. Mwaka 2002 ilifuata Rare ya Uingereza, iliyokuwa mikononi mwa Nintendo kwa asilimia 49, kwa dola milioni 375. Ununuzi huo haukuzaa matunda ya aina ile.

Sony pia ilinunua, ila kwa kawaida ilinunua studio iliyokwisha kuishi nayo kwa muda mrefu: Naughty Dog mwaka 2001, Guerrilla mwaka 2005, na Insomniac mwaka 2019 kwa dola milioni 229, baada ya ushirikiano wa zaidi ya miaka 20. Njia ya malipo ilitumiwa na pande zote mbili. Microsoft iliizuia Rise of the Tomb Raider isifike PlayStation 4 kwa takriban mwaka mmoja, na Sony ikafanya vivyo hivyo kwa Final Fantasy kadhaa.

Manunuzi mawili ya Microsoft yanatoa picha mbili tofauti. Ilipoinunua Mojang mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, gemu yake ya Minecraft iliendelea kuuzwa kwenye PlayStation na baadaye ikafika mashine za Nintendo, kwa kuwa gemu yenye wachezaji wengi hivyo hupoteza thamani ikifungiwa. ZeniMax, mmiliki wa Bethesda, ilinunuliwa kwa dola bilioni 7.5 mwaka 2021. Baada ya hapo toleo la PlayStation 5 la gemu ya Bethesda iitwayo Redfall lilifutwa, na Starfield ikatoka Septemba 2023 kwa Xbox na kompyuta za Windows tu. Wasimamizi wa ushindani walipoanza kuhoji hatima ya Call of Duty, gemu ya Activision, swali lao lilikuwa: itafuata njia ya Minecraft au ya Starfield?

Miezi 21 ya mvutano

Activision Blizzard ilikuwa imedhoofika ilipouzwa. Julai 2021 idara ya haki za raia ya California iliishtaki kwa ubaguzi na unyanyasaji wa wafanyakazi wanawake, na bei ya hisa zake ikashuka. Tarehe 18 Januari 2022 Microsoft ilitangaza kulipa dola 95 kwa kila hisa. Katika kapu hilo mlikuwa na Call of Duty, inayotoka tangu mwaka 2003, gemu za Blizzard kama World of Warcraft, na kampuni ya King yenye Candy Crush ya simu.

Sony ilipinga kwa nguvu. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilifungua shauri Desemba 2022, na Juni 2023 mashahidi walisikilizwa San Francisco mbele ya Jaji Jacqueline Scott Corley. Shauri hilo lilifichua mambo ambayo kampuni hizi huyafungia makabatini. Sony iliwasilisha hati ambazo tarakimu zake zilikuwa zimezibwa kwa kalamu nyeusi, lakini baada ya kupigwa skani zilisomeka: The Last of Us Part II iligharimu takriban dola milioni 220. Ilionekana pia barua pepe ya Jim Ryan, mkuu wa PlayStation wakati huo, aliyekuwa ameandika mwanzoni kabisa kwamba haamini ununuzi huu unalenga kufungia gemu. Satya Nadella wa Microsoft alisema kama ingekuwa juu yake angeufuta kabisa mtindo wa gemu za konsoli moja, ila aliyeongoza soko, yaani Sony, ndiye aliyeufanya kuwa kanuni ya mchezo.

Ubishi wa msingi ulikuwa juu ya mipaka ya soko. Tume ilidai kwamba Xbox na PlayStation ziko peke yao kama mashine zenye nguvu kubwa, na Nintendo Switch haihesabiki. Microsoft ilitaka Switch ihesabiwe, jambo ambalo lingeiweka yenyewe nafasi ya tatu na ya mwisho. Tarehe 11 Julai 2023 zuio lililoombwa lilikataliwa: jaji aliona Tume haijathibitisha kwamba Microsoft ingeinyima Sony gemu ya Call of Duty, hasa kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuahidi kuipeleka hata kwenye mashine za Nintendo. Siku chache baadaye Sony nayo ilitia saini na Microsoft mkataba wa miaka 10 wa kuibakiza Call of Duty kwenye PlayStation.

Uingereza ilitazama mbele zaidi. Mamlaka ya Ushindani na Masoko iliweka kando hofu ya konsoli, lakini tarehe 26 Aprili 2023 ikauzuia ununuzi kwa sababu ya gemu za wingu, zile zinazochezwa kutoka kwenye seva za mbali bila mteja kumiliki mashine yenye nguvu. Umoja wa Ulaya uliona hatari hiyohiyo, ila mwezi Mei uliruhusu kwa sharti la leseni za bure za miaka 10. Microsoft ilibadilisha mpango, ikaiuzia Ubisoft ya Ufaransa haki za wingu, nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya, za gemu za Activision zilizopo na zitakazotoka ndani ya miaka 15, na London ikaridhia. Mwandishi anaona Waingereza ndio waliouliza swali lililostahili, kwa sababu katika gemu za wingu kuna kampuni chache mno zenye seva za kutosha duniani.

Yaliyofuata

Kilichoogopwa hakikutokea. Call of Duty ilibaki PlayStation, na zaidi ya hapo gemu za Xbox zenyewe zilianza kuhamia huko. Mwaka 2024 zilikwenda nne, zikiwamo Sea of Thieves na Hi-Fi Rush. Mwaka 2025 zikafuata Forza Horizon 5 na Gears of War, na Oktoba mwaka huo ilitangazwa kwamba Halo nayo itafika PlayStation 5. Gemu inayogharimu mamia ya mamilioni ya dola hairudishi fedha zake kwa wateja wa mashine moja, hasa mashine hiyo ikiwa inauza chini ya mpinzani wake. Sony imelazimika kupita njia hiyo kwa kiasi: tangu mwaka 2020 inatoa gemu zake kubwa kwenye kompyuta, na gemu yake ya Helldivers 2 ilifika Xbox Agosti 2025.

Walioumia ni watu ambao mahakama hazikuwazungumzia sana. Januari 2024 Microsoft iliachisha kazi watu 1,900 katika idara ya gemu. Mwezi Mei iliifunga Arkane Austin, iliyotunga Redfall, na Tango Gameworks ya Tokyo, iliyotunga Hi-Fi Rush iliyosifiwa kote, ingawa Tango baadaye iliokolewa na Krafton ya Korea Kusini. Sony, iliyoinunua Bungie kwa dola bilioni 3.6 mwaka 2022 baada ya studio hiyo kuwa imejitenga na Microsoft, nayo ilipunguza wafanyakazi huko na kuifunga studio ya Firewalk baada ya gemu yake ya Concord kuondolewa sokoni wiki mbili tu tangu itoke. Ununuzi wa kampuni hupimwa kwa bei atakayolipa mteja. Studio iliyokufa haina safu katika hesabu hiyo, na hilo ni pengo la kweli katika sheria za ushindani.

Nintendo imebaki na msimamo wake. Mario na Zelda hazitoki kwenye konsoli za wengine, na Switch 2 iliuza zaidi ya mashine milioni 3.5 katika siku zake nne za kwanza, Juni 2025.

Kwa wachezaji wa Afrika Mashariki kizuizi kinachohisiwa zaidi ni cha akaunti. Gemu za mpira wa miguu zinazojaza vibanda vya PlayStation Nairobi na Dar es Salaam hutolewa kwa mashine zote kubwa, lakini Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi ambazo Sony inaruhusu kufungua akaunti ya PlayStation Network, hivyo wengi hujisajili kwa jina la nchi nyingine. Mei 2024 Sony ilipotaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta awe na akaunti hiyo, gemu iliondolewa madukani katika nchi zaidi ya 170. Sharti lenyewe lilifutwa baada ya wachezaji kuja juu.

Kuhusu ununuzi wa Activision wenyewe, Mei 2025 mahakama ya rufaa iliunga mkono uamuzi wa Jaji Corley, na Tume ikaachana na shauri. Kinachoishikilia Call of Duty kwenye PlayStation kisheria ni ule mkataba wa miaka 10, nao unakwisha mwaka 2033.