Laki Nne kwa Kisanduku cha Muziki: Historia Inasemaje?



Mnakumbuka mwezi uliopita nilivyojitapa hapa kwamba nimenunua "kigeuzi"? Wengi mliuliza ni dude gani hilo, wengine mkasema bumu limeingia, kijana kachanganyikiwa. Leo nalipa deni la maelezo. Nina na jambo la kukiri, ila ngoja tuanze na historia maana ndiyo fani yangu, isije ikawa semina zote hizi nakaa bure.

Kwa kifupi ni hivi. Muziki ulioko kwenye CD, simu au laptopu sio sauti, ni namba tupu. Spika haijui namba, inajua umeme unaopanda na kushuka. Kwa hiyo lazima katikati pawe na kifaa cha kuzigeuza zile namba ziwe umeme, na hicho ndicho kigeuzi. Kila simu inayopiga muziki inacho, ama ndani yake ama kwenye kale kawaya ka kuchomekea hedifoni. Sasa kuna watu wanauza kigeuzi peke yake, kwenye kisanduku chake, na bei zinaanzia za kawaida zinapanda hadi za kutisha. Kampuni ya dCS ya Cambridge, Uingereza, ilipotoa mtambo wake wa Vivaldi mwaka 2012, kigeuzi peke yake kiliuzwa karibu dola 35,000. Changu ni laki nne, tena mtumba. Sehemu ya hela alinitumia dada yangu akijua nakwenda kutengeneza laptopu. Ndiyo hivyo.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko mnavyodhani. Mwaka 1937 Mwingereza Alec Reeves, akiwa Paris anashughulika na mambo ya simu, aliona kwamba sauti ikipimwa mara nyingi kwa sekunde na kila kipimo kikaandikwa kwa namba, kelele za njiani haziwezi kuiharibu. Wazo safi, ila mitambo ya wakati ule haikuweza kulibeba kwa bei ya maana. Wa kwanza kumudu gharama walikuwa wanajeshi, kama kawaida. Mwaka 1943 Wamarekani walianza kutumia mtambo wa siri uliobatizwa SIGSALY, wa kuzungumza kati ya Washington na London bila Wajerumani kuelewa kitu. Ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani 50! Na wa London walikwenda kuufunga chini ya duka kubwa la Selfridges. Wateja wako juu wanachagua viatu, chini yao siri za vita zinageuzwa namba na kurudishwa sauti. Ukiniuliza kigeuzi gani kililipa gharama yake, nitataja hicho bila kufikiri mara mbili.

Tuje kwenye CD. Philips wa Uholanzi na Sony wa Japani walikubaliana viwango mwaka 1980: sauti ipimwe mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo kiandikwe kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 za kupanda na kushuka. Kwa nini 44,100 na sio namba nyoofu kama 40,000? Sikio la kijana mzima linasikia hadi mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na hesabu inadai upime zaidi ya mara mbili ya hapo. Ule ujazo wa juu ulitokana na mashine za kanda za video, maana ndizo pekee zilizokuwa na nafasi ya kuhifadhi namba nyingi namna ile. Vipimo 3 kwa kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde: zidisheni wenyewe. Wa Ulaya nao walikuwa na mistari 294 mara 50, jibu linatoka lile lile. Mimi napenda sana vitu kama hivi. Namba inayotawala muziki wa dunia nzima imetokana na jinsi televisheni ilivyochorwa!

Hapo ndipo ugomvi wa vigeuzi ulipoanza. Philips walikuwa tayari na kigeuzi cha biti 14, Sony wakang'ang'ania 16. Philips hawakukitupa cha kwao. Walikiendesha mara nne ya kasi ya kawaida na kuisukuma kelele juu kule ambako sikio halifiki, wakapata karibu ubora ule ule. Sony nao, mashine yao ya CDP-101 ilipoingia madukani Japani tarehe 1 Oktoba 1982 kwa yeni 168,000, ndani ilikuwa na kigeuzi kimoja tu kinachohudumia spika mbili kwa zamu, kushoto kisha kulia, kushoto kisha kulia. Yaani hata wakubwa walibana matumizi. Kutengeneza kigeuzi cha biti 16 kulikuwa kazi ngumu kwelikweli, maana vipande vya ndani vinavyogawa umeme lazima viwiane kwa usahihi wa sehemu moja katika makumi elfu. Vingine vilirekebishwa kimoja kimoja kwa mwanga wa leza. Philips walifika mahali pa kuchambua chipu zao za TDA1541A, zile zilizotoka vizuri zaidi wakazigonga alama ya taji na kuziuza ghali.

Kwa hiyo, wadau, msiwacheke wazee wa miaka ya 80 waliolipa pesa nyingi. Walilipia kitu. Usahihi ulikuwa adimu, na kitu adimu ni ghali. Wanafunzi wa uchumi mtanisahihisha kama nimekosea.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 80 mambo yakabadilika, na kwa maoni yangu hapa ndipo kwenye kiini chote cha habari. Watu wa Philips, na kule Japani NTT pamoja na Matsushita, walileta vigeuzi vya namna nyingine. Badala ya ngazi 65,536 zilizochongwa kwa uangalifu, unakuwa na swichi moja inayowaka na kuzima mamilioni ya mara kwa sekunde, halafu wastani wake ndio unakuwa sauti. Swichi haihitaji leza wala taji. Ule usahihi uliokuwa unanunuliwa kwa pesa sasa ukawa unapatikana kwa kasi, na kasi ndicho kitu ambacho viwanda vya chipu vinajua kukishusha bei kila mwaka. Sababu ya ughali ikaondoka. Ughali wenyewe ukabaki, tena ukapanda!

Ushahidi? Oktoba 2020 kiwanda cha chipu cha AKM kiliungua huko Nobeoka, Japani, moto ukawaka siku kadhaa. Watengenezaji wa vigeuzi wakakimbizana kutafuta chipu nyingine, wengi wakahamia kwa ESS ya Marekani. Katika kukimbizana huko ilionekana wazi kabisa kwamba mwenye kisanduku cha bei mbaya na mwenye kisanduku cha bei chee kutoka China walikuwa wanapanga foleni kwenye mlango mmoja. (Sio wote. dCS wanatengeneza mfumo wao wenyewe, haki yao tuwape.)

Na masikio je? Mwaka 2007 Wamarekani wawili, E. Brad Meyer na David Moran, walichapisha jaribio kwenye jarida la Audio Engineering Society. Walichukua rekodi za ubora uliozidi CD, wakazipiga kwa mitambo mizuri, halafu wakawa wanaingiza katikati mashine inayoishusha sauti kwenye kiwango cha CD na kuirudisha. Msikilizaji aseme ipo au haipo. Majaribio 554, waliopatia 276. Hiyo ni sawasawa na kurusha sarafu. Joshua Reiss wa London mwaka 2016 alikusanya tafiti 18 za namna hiyo akapata asilimia 52.3, na kwa waliofundishwa kusikiliza ikafika kama 60. Kwa hiyo sisemi hakuna kabisa kinachosikika, kuna kitu kidogo. Lakini angalieni, hapo wanapima aina ya rekodi, sio bei ya kisanduku.

Ila kisa kilichonimaliza mimi ni cha mwaka 2022. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Mobile Fidelity, inauza santuri ghali kwa watu wanaoapa kwamba dijitali inaua muziki na wao wanaisikia mara moja. Ikatangaza nakala 40,000 za Thriller ya Michael Jackson, watu wakaanza kujiuliza kanda halisi itazungushwa mara ngapi isichakae? Mwenye duka la santuri huko Phoenix akafuatilia, mafundi wa kampuni wakakiri kwamba tangu 2011 baadhi ya santuri hizo zimepita kwenye dijitali. Miaka kumi na zaidi! Kigeuzi kimo ndani ya mnyororo na wenye masikio ya dhahabu wanasifia "sauti isiyo na dijitali". Kesi mahakamani zikafuata.

Sasa kukiri kwangu. Nilipokileta kile kisanduku niliwaambia hapa kwamba besi imenona na sauti za waimbaji zimesogea mbele. Sikuwadanganya, ndivyo nilivyosikia. Mshkaji wangu wa chumba, anayesoma ualimu wa fizikia na hesabu, akasema tupime. Nikageukia ukuta, yeye akawa anarusha sarafu na kuchomeka hedifoni ama kwenye kisanduku ama kwenye kawaya ka simu. Mara ya kwanza nikapatia 19 kati ya 20. Nikaruka juu! Jamaa hakucheka. Akachukua mita ya umeme aliyoazima maabara, akapiga mlio mmoja usiobadilika kote kuwili, akapima. Kisanduku kilikuwa kinatoa umeme mwingi zaidi, yaani kilikuwa kinapiga kwa sauti kubwa zaidi. Na sikio, hata tofauti ikiwa ndogo usiyoitambua kama ukubwa, hukwambia kilicho juu ndicho kitamu. Wauzaji wanalijua hilo. Yule aliyeniuzia alinisikilizisha vyote viwili, na nikikumbuka vizuri hakugusa kitufe cha sauti hata mara moja.

Akashusha cha kisanduku hadi mita ikasoma sawa, tukarudia.

Nikapatia 11 kati ya 20.

Tukarudia usiku na Marijani Rajabu, wimbo ninaoujua kila pumzi. Nikapatia 9. Kuchomoa na kuchomeka kunachukua sekunde kadhaa na kumbukumbu ya sauti inafifia haraka, kwa hiyo jaribio letu lina kasoro, sikatai. Lakini kitu nilichokiita hapa "tofauti ya mbingu na ardhi" hakipaswi kufifia kwa sekunde nne.

Je, kisanduku hakina faida? Kinayo. Kwa hedifoni kubwa zinazohitaji nguvu, simu haitoshi. Na kama laptopu yako inatoa mkwaruzo ukigusa mausi, kigeuzi cha nje kinauondoa. Hiyo ni shida halisi, ila inatibiwa na kisanduku cha bei ndogo sana. Kingine ni boksi zito la alumini na taa ya bluu, na taa yenyewe, sio siri, naipenda bado.

Dada nimeshampigia. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo laptopu bado mbovu?" Nikasema ndiyo dada.

Kuna jamaa wa bweni la pili alisoma sifa nilizoandika mwezi ule, anakitaka kwa laki tatu na nusu taslimu. Nimemwambia aje Jumamosi baada ya semina, aje na simu yake na hedifoni zake. Mita tunayo hadi Jumatatu.