SEHEMU YA 4: KUVUKA MBUGA WAKATI WA MVUA

Twende kazi. Ndugu zangu wa mikoa mingine, Usukumani tukisema "mbuga" hatuongelei twiga. Ni ule udongo mweusi wa mabondeni, Kishapu umejaa tele. Kiangazi unapasuka nyufa. Mvua ikinyesha unafura, unateleza kama sabuni halafu unanata. Tairi linavaa tope mpaka kashata zote zinapotea, linabaki linazunguka tu.

Sasa jiulize, njia zinazopita humo zilichongwa kwa ajili ya nani? Nyingi ni za pamba. Na pamba inauzwa kiangazi, kuanzia Mei, Juni hivi. Lori la ushirika likishabeba mzigo, njia imemaliza kazi yake. Novemba mpaka Aprili anayebaki na shida nayo ni mgonjwa. Uchungu wa kujifungua hausubiri jua, wapendwa.

Gari ambalo wazee hulitaja kwanza ni Land Rover, lililooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Baadaye ikaja Land Cruiser, hii hardtop tunayoijua kama ambulansi mpaka leo. Magari ya kazi kweli, siyabezi. Lakini hardtop ina zaidi ya tani mbili. Mbuga ikiloa, huo uzito ndo unaoizamisha. Ikishalalia ekseli, ni majembe, matawi na wanaume wa kijiji kizima. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara na reli nchini, hapo hata hardtop haina ujanja.

Kumbe jibu lilikuwa jepesi zaidi. Kwenye miaka ya 2000 zikamiminika pikipiki za bei nafuu, SanLG na wenzake. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za kubeba abiria. Ukiangalia vijana wa Nyang'hwale au Msalala mvua ikianza, wengine wanafungua madigadi ya mbele ili tope lisikabe tairi. Wanafuata kingo zenye nyasi. Ikinasa, wawili wanainyanyua, safari inaendelea. Hardtop utainyanyua na nani?

Ila mimi ni muuguzi, lazima niseme na upande wa pili. Mama anapakiwa mshikaki, katikati, shangazi nyuma amemshikilia. Kama uchungu ndo unaanza, anafika. Kama anatoka damu nyingi au ana kifafa cha mimba, huyo anatakiwa alazwe kwa ubavu, na pikipiki haina pa kumlaza. Yaani chombo kinachopita ndicho kisichomfaa, kinachomfaa kimenasa.

Ndiyo maana naipenda m-mama, ambayo majaribio yake yalifanyika Sengerema na hapa hapa Shinyanga kabla ya kusambazwa nchi nzima kuanzia 2022. Unapiga 115 bure, na ambulansi ikiwa mbali anatumwa dereva wa jirani, analipwa na mpango, si na familia. Huyo dereva anajua korongo lipi limejaa leo.

Mvua nayo siku hizi haina kalenda. Kwako kukavu, juu huko imenyesha, maji yanakukuta njiani. Kama miezi yako inaangukia humo na kuna mbuga kati yako na kituo, hamia kwa ndugu wa karibu na kituo mapema, wiki mbili tatu kabla.

Sehemu ya 5 ni mkokoteni wa ng'ombe. Msiucheke.