Uwiano wa kodi ya nyumba na kipato

Uwiano wa kodi ya nyumba na kipato ni sehemu ya kipato cha kaya inayoishia kwenye pango, ikitajwa kwa asilimia. Hutumika kulinganisha majiji, kwa kuwa bei pekee haitoshi: chumba anachokiona mgeni kuwa cha bure kinaweza kumlemea mwenyeji anayelipwa kwa siku.

Kikomo kinachotajwa zaidi, asilimia 30, kina asili ya Marekani. Mwaka 1969 sheria iliwawekea wapangaji wa nyumba za umma kikomo cha asilimia 25. Mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Ni namba ya wanasiasa kuliko ya wataalamu, lakini imeenea. Wenye nyumba wengi wa New York hutaka mpangaji awe na kipato cha mwaka kinachofikia mara 40 ya kodi ya mwezi. Ukipiga hesabu, ni asilimia 30 ile ile.

Vienna ina nafuu kwa sababu takriban nusu ya wakazi wake wanaishi katika nyumba za manispaa au zenye ruzuku, sera iliyoanza miaka ya 1920. Hong Kong nayo ina nyumba nyingi za serikali, ila wastani wake hudanganya: aliyepata nyumba hizo hulipa kidogo, na aliye kwenye foleni, ambayo huchukua miaka, hukodi kipande cha fleti iliyokatwakatwa.

Dar es Salaam kipimo hiki hupwaya. Kwanza, kipato cha mama ntilie au bodaboda hakina hati ya mshahara. Pili, mara nyingi kodi hailipwi kwa mwezi. Tuseme mtu anapata shilingi 400,000 na chumba ni 100,000: uwiano ni asilimia 25, mzuri kabisa kwenye karatasi. Mwenye nyumba akitaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali akitaka kodi ya mwezi mmoja, mpangaji anahitaji 700,000 kabla hajaingiza godoro. Umeme wa Luku na maji bado. Nairobi, ambako desturi ni kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na dipoziti, asilimia hiyo hiyo ingemruhusu kuhamia mapema zaidi.

Nauli pia huachwa nje. Chumba cha Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, ni rahisi kuliko cha Kariakoo, katikati ya jiji, lakini anayefanya kazi Kariakoo hulipia tofauti hiyo kwenye daladala, kwenda na kurudi. Marekani kuna kipimo kinachojumlisha makazi na usafiri, kikomo chake kikiwa asilimia 45.