Mwalimu wa Kisu

Ukilitaja jina la Bombo watu wengi hufikiri hospitali kubwa ya Tanga. Sisi tunasema Bombo ya Upare, wilayani Same. Mgonjwa wa huko akiwa na ugonjwa mzito wa kupasuliwa hupelekwa KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Je, umepata kujiuliza daktari yule alifundishwa na nani kushika kisu?

Kabla ya shule ya madaktari ya Dar es Salaam kuanza mwaka 1963, vijana wa Tanganyika walisomea udaktari Makerere, na mazoezi yao yalikuwa Hospitali ya Mulago. Hapo alisomesha Ian McAdam, Profesa wa Upasuaji tangu 1957. Zama zile kisu kilikuwa mikononi mwa Wazungu, na yeye, Mzungu, angaliweza kukiacha huko huko. Lakini alimlea Sebastian Kyalwazi wa Uganda, mwana wa Afrika Mashariki wa kwanza kupata FRCS, cheo cha wapasuaji cha Uingereza. Wema wa mtu hutajwa hata kama si wa dini yako.

Wala malezi haya si mageni kwa Waislamu. Abulqasim Az-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliandika At-Tasrif, kitabu cha sehemu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, ina picha za vyombo vipatavyo 200. Wanafunzi wake aliwaita wanangu, na kabla ya kuwafundisha kukata aliwahadithia maafa. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa, mwanamke akatoka damu hata akafa. Mwingine alimtoa mzee jiwe la kibofu, likatoka pamoja na kipande cha kibofu chenyewe. Siku ya tatu mzee akazikwa. Jiwe hilo hilo Az-Zahrawi alikuwa ameitwa alitoe, akatazama ukubwa wake na hali ya mgonjwa, akajua hataokoka. Kwa maoni yangu somo la kukiweka kisu chini ni gumu kuliko la kukishika.

Mwaka 1972, zama za Idi Amin, McAdam aliondoka Uganda. Kyalwazi alibaki Mulago akifundisha. Mwaka 1999 wapasuaji wa nchi zetu wakaanzisha chuo chao, COSECSA, kisicho na madarasa: mwanafunzi hujifunza hospitalini, ubavuni mwa mwalimu wake. KCMC ni mojawapo ya hospitali hizo.