Paji Jeupe na Mitali ya Farasi

Katika pwani ya Tanga, tangu Moa hadi Pangani, farasi hakuwa mnyama wa watu wengi. Mbung'o walimwua, na maradhi yaenezwayo na visubi yakamaliza waliosalia. Mizigo ya misafara ilikwenda vichwani mwa wapagazi mpaka reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Katika vita vya mwaka 1916 farasi wa jeshi la Smuts walikufa kwa maelfu katika nchi hii.

Kwa sababu hiyo wako wasomi wasemao kwamba farasi wa tenzi zetu, kama zile za Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, ni pambo lililookotwa vitabuni, lisilo na maana kwa msikilizaji wa Mrima. Mimi nami nilipata kufundisha hivyo. Sasa naona nilikosea.

Rangi ya farasi si shahidi wa kutegemewa. Mwana farasi azaliwaye mweusi yamkini akageuka wa kijivu, kisha mweupe kabisa. Lakini baka la kuzaliwa halihami, na ngozi iliyo chini yake huwa ya waridi. Ndiyo maana Waarabu walilipa kila baka jina lake. Weupe wa paji la uso uzidio dirhamu ni ghurra. Ulio mdogo kuliko huo ni kurha. Weupe wa miguu ni tahjili, neno litokanalo na hijli, yaani mtali, kana kwamba mnyama amevishwa mitali. Shikali asili yake ni kamba ya kufungia miguu. Katika hadithi ipokewayo na Abu Huraira, Mtume alimchukia farasi wa namna hiyo, na ikafasiriwa kuwa ni weupe wa mguu wa nyuma wa kuume pamoja na wa mbele wa kushoto, au kinyume chake. Wanalugha wengine wana fasiri nyingine.

Sidai kwamba mvuvi wa Tongoni aliijua shikali. Ghurra, hata hivyo, ilimfikia kwa njia isiyohitaji zizi. Mtume aliulizwa atawatambuaje wafuasi wake ambao hawajazaliwa. Akapiga mfano wa mtu mwenye farasi wa paji jeupe na miguu myeupe kati ya farasi weusi tititi: je, hatawajua walio wake? Basi wafuasi wake watakuja siku ya Kiyama na weupe huo, athari ya udhu. Kwa hiyo Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kilichotegemewa na makadhi wa pwani, huhesabu kuwa ni suna kurefusha ghurra na tahjili, nayo huyataja kwa majina hayo hayo ya farasi.

Mtoto wa chuo aliyeinama penye birika, akapitisha maji juu ya kiwiko na juu ya kifundo cha mguu, alikuwa akijitia alama ya farasi ambaye pengine hajapata kumwona.