Pikipiki Ubavuni mwa Tela: Sanaa ya Barabarani katika Nyanda za Juu Kusini

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hufika Iringa baada ya mwendo wa yapata kilomita 500, kisha hupita Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Uyole hadi Mbeya, na kutoka hapo huelekea Tunduma mpakani. Wasafiri huisifu kwa milima yake, hasa mteremko wa Kitonga, na wafanyabiashara huihesabu kwa tani za shaba na mafuta zipitazo juu yake. Katika makala haya twataka kuitazama kama ukumbi mrefu wa picha, ambao watazamaji husimama nao hutembea.

Neno sanaa linapotajwa darasani, mwanafunzi wa Kitanzania huwaza upesi vinyago vya Wamakonde, ngoma za jadi, au picha za Tingatinga. Ni nadra kumkuta anayefikiri juu ya tela lililoegeshwa Soweto, Mbeya, au Ipogolo chini ya mji wa Iringa, ambalo ubavuni mwake imechorwa pikipiki kubwa kushinda ng'ombe dume, nyekundu, magurudumu yake yaking'aa kana kwamba yametoka dukani leo. Kazi hiyo hufanywa na fundi asiyetia sahihi yake, hutazamwa na maelfu ya watu kwa siku moja, na baada ya miaka michache hufutwa kwa msasa. Kwa kuwa hakuna aliyeiandika, itakuwa kama haikupata kuwapo. Hiyo ndiyo sababu iliyotufanya tushike kalamu.

Tabia ya kupamba chombo cha safari ni ya zamani kuliko gari. Mtepe, ile jahazi ya Lamu iliyoshonwa kwa kamba bila msumari, ulichorwa jicho kila upande wa omo, na mabaharia walisafiri chini ya ulinzi wa macho hayo hadi mitepe ilipotoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Huku bara hatukuwa na jahazi, lakini hatukukosa rangi. Igeleke, karibu na mji wa Iringa, jabali limehifadhi michoro myekundu ya watu na wanyama iliyowekwa na wawindaji wa kale. Wakisi wa Ikombe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ni mashuhuri kwa vyungu vyao vyenye nakshi, na akina mama wa Iringa husuka vikapu vya milulu vyenye mistari ya rangi iliyopimwa kwa macho tu. Basi mtu asituambie kwamba gari lilipofika lilikuta mikono isiyojua kupamba.

Gari lilifika mapema. Dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, iliyoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920, ndiyo iliyouzaa mji wa Mbeya na kuyaleta malori ya kwanza kwa wingi katika sehemu hizi. Hata hivyo barabara ilibaki ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika kwa miaka mingi, na mambo yalibadilika kwa sababu ya siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitangazia uhuru wao. Zambia, iliyotegemea njia za kusini kwa mafuta yake na kwa kusafirisha shaba, ilifungiwa mlango. Mafuta yakaanza kubebwa kwa mapipa juu ya malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya, katika njia mbaya iliyoua watu wengi hata Wazungu walioiendesha wakaipa jina la Mbio za Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilianzisha kampuni ya pamoja ya malori, yaliyokuwa ya Fiat, na hapo tela likawa kitu cha kila siku machoni pa watoto wa Wahehe, Wabena, Wasangu na Wasafwa. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye kilomita 1,710, lilianza kazi mwaka 1968. Lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China, ikakabidhiwa mwaka 1976. Reli haikuigusa Iringa mjini, wala haikuyaua malori kama wengi walivyodhani.

Sisi tuliozaliwa baada ya Azimio la Arusha twakumbuka kwamba magari tuliyoyaona tukiwa wanafunzi yalikuwa na sura moja. Mabasi ya KAMATA, kampuni ya taifa, yalikuwa na rangi zake, na malori ya mashirika ya umma yalibeba jina la shirika na uzito wa gari, basi. Gari la umma halina mwenyewe mmoja wa kulichorea moyo wake. Picha na maneno yalikuwa ya watu binafsi, nao walikuwa wachache. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, magari makuukuu yakaanza kuingia kwa wingi, na pamoja nayo fundi wa rangi akapata riziki. Lori lililonunuliwa kuukuu lina makovu. Lazima lipakwe rangi upya, na likishapakwa, mwenyewe hutaka lisifanane na la jirani. Akaandikisha maneno kama yale ya kanga: Mwenye Wivu Ajinyonge, au Kazi ya Mungu Haina Makosa. Kisha maneno yakaomba picha.

Simba alikuwa wa kwanza kupendwa, pamoja na twiga na tai. Pikipiki ilikuja baadaye, nayo ina historia yake. Wazee waliiita tukutuku, na majina yote mawili yametokana na mlio wake. Katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini mwenye pikipiki alikuwa padre, mwalimu wa dini, au bwana shamba aliyepewa na serikali ili awafikie wakulima wa mahindi, pareto na chai. Watoto walikimbia nyuma yake wakinusa moshi wake kama manukato. Kuwa na pikipiki kulikuwa ni kuwa mtu wa kusikilizwa. Katika miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilifurika, na mwaka 2010 kanuni za serikali ziliitambua biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki. Bodaboda, neno lililotoka mpakani mwa Kenya na Uganda ambako baiskeli zilivusha watu kutoka upande mmoja kwenda wa pili, likawa jina la kazi ya vijana katika kila kituo cha barabara yetu.

Hapa ndipo tunapoielewa picha ile ya Soweto. Dereva mmoja tuliyemwuliza kwa nini tela lake lina pikipiki ilhali yeye anaendesha chombo chenye magurudumu zaidi ya ishirini, alicheka akasema, "Mzee, mimi nilianzia hapo." Mwenye gari lake, alivyotueleza, alikuwa kijana wa bodaboda, akauza pikipiki yake akanunua pickup kuukuu, akabeba viazi vya Njombe, hadi akafika kwenye lori. Picha ni wasifu wake, umeandikwa mahali ambapo hata asiyejua kusoma atausoma.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko wanavyodhani wanaoiona kwa mbali. Kwanza bati huoshwa kwa petroli ili kuondoa grisi, kisha hupigwa msasa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya chini mara mbili. Fundi wetu wa Mbeya na Iringa ana adui wawili ambao mwenzake wa Dar es Salaam hawajui sana. Mwezi wa Juni na Julai baridi huchelewesha rangi ya mafuta kukauka, hata iliyopakwa asubuhi huwa bado inanata jioni. Na kuanzia Agosti upepo huleta vumbi ambalo hutua juu ya rangi mbichi likaganda humo. Mafundi wenye busara hupaka asubuhi sana, kabla upepo haujaamka, nao humwaga maji chini kulizunguka gari.

Kisha huja kukuza picha. Fundi huwa na picha ndogo, iliyokatwa katika kalenda au kuchapishwa kutoka katika simu. Huigawa miraba kwa penseli, kila mraba sentimita 1, halafu huchora ubavuni mwa tela miraba ya sentimita 30. Mistari hiyo haichorwi kwa rula. Kamba hupakwa unga wa chaki, hushikwa na watu wawili, huvutwa kwa vidole katikati na kuachiwa, nayo hupiga mstari ulionyooka kuliko wa mwalimu wa hesabu. Picha ya sentimita 8 huwa pikipiki ya mita 2.4. Mwanafunzi anayelalamika kwamba uwiano wa 1 kwa 30 hauna kazi maishani apelekwe Ipogolo akautazame ukifanya kazi.

Gurudumu ndilo mtihani. Utingo hubana ncha moja ya uzi kwa kidole gumba mahali pa ekseli, na fundi huzunguka na chaki katika ncha ya pili. Pikipiki ikichorwa kwa ubavu, duara hilo latosha. Lakini mwenye gari akitaka ionekane inakuja kwako, duara hugeuka umbo la yai, na uzi hausaidii tena, ni jicho tu. Tena bati la tela si tambarare kama ubao wa shule, lina mbavu zilizotokeza. Mstari ukipita juu ya ubavu huonekana umevunjika kwa anayetazama kutoka upande. Kwa hiyo fundi huvuka barabara, akatazama kutoka ng'ambo, akarudi kusahihisha, akavuka tena. Rangi za giza hutangulia, tairi na vivuli vya injini. Za kati hufuata. Nyeupe ni ya mwisho. Spoki hachori zote. Akizichora zote, gurudumu huonekana kama kitambaa. Huchora chache, na macho ya mtazamaji hukamilisha zilizobaki. Akimaliza huweka mpako mmoja mweupe juu ya tangi la mafuta, mfupi kama ukucha ukilinganisha na picha nzima, na papo hapo bati huwa chuma king'aacho.

Fundi mmoja alituambia neno tulilolipenda. Simba, alisema, ni rahisi, kwa kuwa wateja wengi hawajamwona. Ukikosea mguu wake hakuna wa kukushitaki. Pikipiki kila mtoto anaijua. Ukisahau mnyororo au ukiweka ekzosi upande usio wake, wataimba mtaani.

Wapo wanaosema kwamba picha hizi ni uigaji wa mambo ya kigeni, na kwamba pikipiki ya China iliyonakiliwa kutoka katika kalenda haiwezi kuitwa utamaduni wa Taifa. Hoja hii hatuikubali. Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972, alichora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, na leo hakuna anayemnyima uraia wa sanaa yetu kwa sababu kopo la rangi lilitoka ng'ambo. Nchini Pakistan malori yaliyopambwa kwa rangi ni fahari ya taifa zima. Kenya ilikataza michoro ya matatu katika kanuni za mwaka 2004 zilizoamuru mstari wa manjano, na baada ya miaka kumi hivi ikairuhusu tena, baada ya kuona ni mikono mingapi ya vijana imekosa kazi. Tutakubali lawama moja tu: maneno ya Kiingereza yenye herufi pungufu yanayozunguka baadhi ya picha hizi hutuudhi, nasi tungefurahi kama wenye magari wangeomba shairi la Kiswahili.

Kinachotutia hofu ni kingine. Siku hizi mashine huchapa picha juu ya karatasi ya plastiki yenye gundi, na stika hiyo hubandikwa kwa saa chache pale ambapo fundi angehitaji siku nne. Hatumlaumu mwenye gari. Lori lililosimama halileti fedha. Lakini vijana hawaji tena kujifunza kamba na chaki. Mjini Iringa lipo jumba la makumbusho katika jengo la enzi ya Wajerumani, lililofunguliwa mwaka 2016, nasi tungependa siku moja kuona ubavu mmoja wa tela ukisimama humo karibu na vikapu. Hadi hapo walimu wa sanaa na historia wa Iringa, Mbeya, Njombe na Songwe wanaweza kuwatuma wanafunzi barabarani na daftari: picha gani, rangi gani, gari la wapi, fundi nani. Mwaka mmoja wa kazi hiyo katika shule kumi za kando ya barabara utatupa kumbukumbu ambayo leo haipo popote.

Yule fundi wa pikipiki bado yupo Soweto. Tulipomwona mara ya mwisho hakuwa na picha ya kuchora. Alikuwa akiandika uzito wa lori mlangoni, tarakimu nne tu, naye alikuwa akizitia kivuli kila moja, ingawa hakuna aliyemlipa kwa kivuli hicho.